Ile picha ya sumaku ya dunia, hakuna aliyeipiga

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikata Tanzania, Kenya na majirani, mnakumbuka, WhatsApp ikawa inazunguka tu, watu wanazima simu wanawasha. Na ilitokea kwamba siku mbili kabla yake jua lilikuwa limetupiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, mwanga wa kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku karibu na ncha ya dunia, ukaonekana hadi Mexico. Sasa pale kijiweni hesabu ikawa rahisi mno: jua limepiga Ijumaa, mtandao umekufa Jumapili, kesi imeisha. Na mi mwenyewe nikiri, kwa masaa kama matatu niliamini hivohivo na nikawa nawaeleza watu kwa kujiamini kama mtu aliyesomea. Kumbe ni nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jua halikuhusika.

Nimeanza na aibu yangu makusudi, maana kosa nililofanya siku ile ndo kosa ambalo wanaochunguza sumaku ya dunia wamekuwa wakipambana nalo toka miaka ya 60. Una kipimo kimoja, kimetoka sehemu moja, wakati mmoja, na yaliyobaki yote kichwa chako kinajaza chenyewe, tena kinajaza vizuri sana mpaka unasahau kwamba ulijaza.

Chukua ile picha ambayo kila mtu ameiona. Dunia ndogo ya bluu katikati, mistari imeizunguka kama kitunguu kilichokatwa, upande wa jua imebonyea, upande wa usiku imevutwa mkia mrefuuu. Nzuri kweli, na kwa ujumla wake ni sahihi. Ila imechorwa. Uga wa sumaku hauna rangi, hautoi mwanga, hakuna kamera ya kawaida itakayokuletea. Kinachorudi kutoka kwenye chombo huko juu ni mistari minne kwenye grafu: sumaku ya kuelekea huku, ya kuelekea kule, ya juu-chini, na nguvu ya jumla, inapanda inashuka basi. Magnetosfia, yaani hilo eneo lote linalotawaliwa na sumaku ya dunia, unayoiona kwenye poster imejengwa kutoka kwenye vimistari vya namna hiyo, miaka sitini na kitu ya vimistari. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, ukisoma habari kwamba wanasayansi "wameona" kamba ya sumaku au mlango au kimbunga au shimo huko juu, usianze kuuliza kilikuwa kikubwa kiasi gani. Anza kuuliza walikuwa na vyombo vingapi.

Nieleze kwa nini. Nilikulia karibu na reli, ile ya kati ya zamani. Usiku umelala, treni ya mizigo inapita, unasikia mngurumo sekunde 40 alafu kimya. Haya niambie, hiyo treni ilikuwa ndefu inakimbia au fupi inajikokota? Huwezi kujua. Umepokea sekunde 40, hujapokea mita. Sasa kama una mjomba anakaa stesheni inayofuata na mkapigiana simu mkalinganisha nani kasikia saa ngapi, unapata mwendo, na ukishapata mwendo urefu unaupata kwa kuzidisha tu. Lakini hiyo ni kwa sababu reli unaijua inaelekea wapi. Huko juu hakuna reli! Kitu kinaweza kupita kwa upande wowote ule, kwa hiyo mjomba mmoja hatoshi, unataka ndugu wanne waliotawanyika, na mmoja wao lazima awe amepanda mlimani, maana wote wakiwa tambarare hamtajua kama kitu kilikuwa kinapanda au kinashuka.

Tuweke namba. Vimiundo vya sumaku vinavyopita kwenye ukingo wa magnetosfia mara nyingi vinachukua kama dakika moja kukipita chombo. Kama kinakwenda kilomita 100 kwa sekunde basi upana wake ni kilomita 6,000, karibu sawa na nusu ya upana wa dunia. Kama kinakwenda 300, ni kilomita 18,000, kimeizidi dunia nzima. Grafu ni ileile! Mistari ileile, dakika ileile, na vitu viwili tofauti kabisa.

Huo ukingo wenyewe upo kama kilomita 65,000 kutoka kwetu kuelekea kwenye jua, ndipo upepo wa jua, zile chembe zinazomiminika kutoka kwenye jua, unaokuja kwa kilomita 400 hivi kwa sekunde unapokutana na sumaku yetu na kulazimika kuzunguka. Upepo ukizidi ukingo unasogea ndani, ukipungua unarudi nje, haukai sehemu moja. Na sumaku ya huko ni dhaifu mno, hapa ardhini maeneo ya ikweta tuna nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 30,000 na kitu, pale ukingoni unaongelea makumi tu. Sumaku iliyobandika kalenda kwenye friji lako inaizidi kwa mbali sana. Ndo maana kwenye MMS, vyombo nitakavyovifikia mbele, vipimo vya sumaku vimefungwa kwenye mikono ya mita 5, ili umeme wa chombo chenyewe usije ukaonekana kama ugunduzi.

Chombo cha Explorer 12 kilichorushwa Agosti 1961 kilivuka ukingo huo mara nyingi na kuonyesha kwamba kweli upo, sumaku inashuka ghafla na kugeuka mwelekeo. Mwaka huohuo Mwingereza James Dungey akaandika makala fupi tu akisema kwamba sumaku ya upepo wa jua ikija imeelekea kusini inaweza kukatana na yetu na mistari ikaungana upya, yaani mlango unafunguka na nishati inaingia. Wazo zuri sana, wengi hawakulikubali kwa miaka mingi, na haki yao, maana nani ameona? Shahidi ni mmoja na anapita mbio.

Oktoba 1977 zikarushwa ISEE-1 na ISEE-2, moja ya Marekani na moja ya Ulaya, njia moja, zinafuatana. Huyo ndo mjomba wa kwanza. Mwaka uliofuata Christopher Russell na Rick Elphic wa chuo cha UCLA wakaona kitu kwenye grafu zao: karibu na ukingo, sumaku ya kuelekea nje inapanda, inarudi sifuri, inashuka upande wa pili, inarudi tena, kama dakika moja au mbili, na katikati nguvu ya jumla inaongezeka. Wakasema hiki ni kifurushi cha mistari iliyoungana ya jua na ya dunia, kimechomoka na kinateleza kwenye ukingo, kinaisukuma sumaku ya jirani kama panya anayepita chini ya mkeka. Wakakiita tukio la uhamisho wa sumaku, na wenyewe mpaka leo wanatamka FTE, kifupi cha Kiingereza cha flux transfer event. Baadaye ikaonekana vinatokea kwa wastani kila dakika nane hivi hali ikiruhusu.

Sasa hapa ndo panapomnogea mtu kama mimi. Kile kimstari cha kupanda na kushuka kilikuwa kitu kimoja, ila tafsiri zikawa nyingi. Russell na Elphic waliona bomba lililopinda kama kiwiko. Mwaka 1985 Lee na Fu wakasema hapana, ni kamba iliyosokotwa katikati ya sehemu mbili au zaidi za kuungana. Wengine wakaja na hoja kwamba ni sehemu moja tu ila inafanya kazi kwa mikupuo, inavimba kama kiputo. Alafu mwanasayansi mwingine, David Sibeck, akauliza swali la kuudhi: je kama hakuna kamba wala bomba, ni upepo wa jua tu umebadilisha msukumo, ukingo ukapata wimbi, na hilo wimbi lilipopita chombo kikasoma panda-shuka ileile? Yaani hata huyo panya chini ya mkeka huenda hayupo, mtu kautikisa mkeka tu.

Hilo swali halikuwa la ukorofi, kwa shahidi mmoja au wawili halijibiki kirahisi. Na kinachonifurahisha ni kwamba mwaka 2008 tovuti ya NASA ilipoandika kwamba milango ya sumaku inayotuunganisha na jua inafunguka kila dakika nane, Sibeck huyohuyo ndo alikuwa anaielezea kwa waandishi. Simlaumu, ushahidi ulikuwa umeshaongezeka na mtu mwenye akili anahama ushahidi ukihama. Ila neno "mlango" likatoka likakimbia lenyewe, mpaka leo YouTube imejaa watu wanaokwambia NASA wamekiri kuna milango ya kwenda ulimwengu mwingine. Kimstari kwenye grafu, kikawa kamba, kikawa mlango, kikawa majini. Hatua zote hizo tatu ni za kujaza, tofauti ni kwamba ile ya kwanza ilikuja kupewa mashahidi.

Mashahidi wenyewe walipatikana kwa taabu. Ulaya walijenga vyombo vinne kwa mpigo, mradi wa Cluster, wakavipakia vyote kwenye roketi ya kwanza kabisa ya Ariane 5 (tayari nywele zinasimama). Tarehe 4 Juni 1996 pale Kourou, kituo cha roketi huko Guyana ya Ufaransa, ikapaa, na kabla dakika haijaisha ikalipuka. Programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kompyuta ikachanganyikiwa, kwaheri. Miaka ya kazi imekuwa mvua ya vyuma kwenye vinamasi vya huko. Wapo ambao wangeishia hapo. Wao wakajenga upya vinne vingine, wakavirusha viwiliviwili kwa roketi za Kirusi za Soyuz kutoka Baikonur, Kazakhstan, Julai na Agosti 2000, wakavipa majina ya ngoma: Rumba, Salsa, Samba, Tango. Mradi wa miaka miwili ukaishia kufanya kazi miaka 24, Salsa akaungua juu ya Pasifiki ya kusini Septemba 2024.

Vinne vilibadilisha nini? Kwanza mwendo na mwelekeo, ile hesabu ya ndugu wanne. Lakini kubwa zaidi ni kwamba ukiwa na sumaku kwenye pembe nne za piramidi (ile yenye kitako cha pembetatu) unaweza kukokotoa umeme unaopita ndani ya piramidi, hata kama hakuna chombo kilichougusa. Kabla ya hapo umeme wa huko ulikuwa unakisiwa tu kutoka chombo kimoja. Na hoja ya wimbi au kamba ikaanza kupata majibu, tukio kwa tukio, huyu kamba, huyu wimbi tu. Mwaka 2004 Hasegawa na wenzake wakatumia Cluster kuonyesha kwamba ubavuni mwa magnetosfia, upande wa jioni, upepo wa jua unasokota vimbunga vikubwa kuizidi dunia yenyewe, kama maji yanavyojisokota nyuma ya nguzo ya daraja. Chombo kimoja kingesoma mawimbi tu basi, yanapanda yanashuka. Ni vinne ndo vilivyoonyesha kwamba wimbi limejikunja likamezwa na lenyewe, na hapo ndipo upepo wa jua unaweza kuchanganyika na kuingia ndani hata pale ambapo ule mlango wa Dungey umefungwa.

Msidhani namba peke yake inamaliza ubishi lakini. Februari 2007 Marekani wakarusha vitano kwa pamoja, THEMIS, wakavipanga kwenye mstari kwenye mkia wa usiku, swali likiwa moja: mlipuko unaowasha mwanga wa kaskazini unaanzia karibu na dunia au mbali mkiani? Mwaka uliofuata Vassilis Angelopoulos na wenzake wakatangaza kwamba ni mbali, kuungana upya kunaanza, yaliyobaki yanafuata. Mashahidi watano! Na bado wakatokea waliosema mpangilio wa nyakati unaweza kusomwa vingine. Mashahidi watano kwenye mstari mmoja ni kama wajomba watano wote wanakaa pembeni ya reli, yanayotokea nje ya reli hawayajui.

Alafu ikaja MMS ya Marekani, Machi 2015, vinne tena, ila hawa ni wa aina nyingine kabisa. Cluster alikuwa anapima chembe kila mzunguko wake mmoja, sekunde nne. MMS anapima elektroni kila milisekunde 30. Na vinakaa karibu ajabu, baadaye vilifikia kilomita 7 tu kati ya kimoja na kingine, umbali wa bodaboda robo saa, na vinajipanga kwa kusikiliza GPS ambayo vyenyewe viko juu yake, kwa hiyo vinaokoteza mawimbi yanayovuja kutoka upande wa pili wa dunia. Mi hicho kinanishangaza kuliko hata sayansi yenyewe.

Tarehe 16 Oktoba 2015, saa 10 na dakika 7 jioni kwa saa za huku kwetu, vikapita katikati kabisa ya pale mistari inapokatana na kuungana, kwa sekunde chache, na kuonyesha elektroni zikiachana na sumaku, zikipata nishati na kutawanyika. Timu ya Jim Burch, kiongozi wa MMS, ikachapisha mwaka 2016. Miaka 55 toka Dungey. Ndipo mtu akaweza kusema bila kumung'unya maneno kwamba tumepita ndani yake na hivi ndivyo ilivyo.

Ila, na hii ila naisema nikiwa shabiki, MMS ni darubini ya kuangalia punje ya mchele. Punje tunaijua sasa, vizuri mno. Sufuria je? Mlango mmoja wa kilomita 10 umefunguka, upo mmoja au ipo elfu moja imejipanga ukingoni muda huohuo, na nishati ngapi imeingia kwa jumla? Vyombo vinne haviwezi kuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja, ukivisogeza unapata punje, ukivitawanya unapata sufuria, na ile hesabu ya umeme ndani ya piramidi inadhani kwamba kati ya pembe na pembe mabadiliko ni ya taratibu, kitu ambacho mara nyingi si kweli. Nikisoma ripoti zinazohama kutoka sekunde tatu za MMS kwenda kwenye "hivi ndivyo dhoruba zinavyoingia duniani" naona kijiwe changu cha Mei 2024 kabisa. Wenyewe wanajua, ndo maana mwaka 2022 NASA wakachagua HelioSwarm, vyombo tisa, kwa ajili ya upepo wa jua, ili wapate karibu na mbali kwa pamoja.

Kuna na njia nyingine inayonivutia na kunitia wasiwasi sawasawa. SMILE, mradi wa Ulaya na China, umejengwa ili upige picha kweli. Chembe za upepo wa jua zilizopungukiwa elektroni zikigongana na hidrojeni nyepesi inayoizunguka dunia zinatoa eksirei hafifu, basi ukiwa na kamera ya eksirei unaona ukingo wenyewe unang'aa. Hatimaye picha iliyopigwa! Lakini mwanga huo umejikusanya kutoka kina chote unachotazama, wa karibu na wa mbali juu ya mwenzake, kwa hiyo ili upate umbo lazima upitishe kwenye modeli, na modeli, samahani, ni ile picha ya kitunguu tena.

Na sisi tumo kwenye habari hii kuliko tunavyojua. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, San Marco. Wengi wakilikumbuka wanakumbuka Uhuru, ile setilaiti ya eksirei iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, kutoka jukwaa hilohilo kikapaa kichombo cha kilo 52 kinaitwa Explorer 45, kazi yake kuchunguza dhoruba za sumaku na ule mkondo wa umeme unaoizunguka dunia kama pete wakati wa dhoruba. Kilipaa juu ya vichwa vya wavuvi wa ghuba ya Ungwana kikaenda kukaa karibu miaka mitatu ndani ya magnetosfia, peke yake, shahidi mmoja, na nina uhakika ukiuliza kwenye kijiwe changu hamna anayekijua, mi mwenyewe nilikikuta kwa bahati tu nikitafuta kitu kingine.

Tofauti ya siku hizi ni kwamba data haifungiwi. Ya Cluster ipo wazi, ya MMS ipo wazi, haiulizwi pasipoti, unachotaka ni laptop na kabando. Baada ya aibu ya Mei nilijifungia wikiendi moja nikaifungua ile ya 16 Oktoba 2015. Imenichukua bando la wiki na matusi kadhaa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mwanzo unaona mistari minne imelaliana kama mmoja, nikadhani nimekosea nimechora chombo kimoja mara nne. Nikavuta karibu. Nikavuta tena. Hapo ndo ikaanza kuachana, mmoja unageuka kidogo kabla ya wenzake, hata sekunde haifiki, alafu mwingine, alafu wale wawili wa mwisho karibu pamoja, nikatoa daftari nikaanza kuandika nani kasikia saa ngapi.